Abeti Hakuanza Mwaka 1986

Abeti Masikini hakuanza kuimba mwaka 1986. Inabidi kulisema hili mapema, kwa sababu mazungumzo mengi juu yake, redioni na vibarazani, huanzia hapo: kwenye "Je suis fâché", wimbo uliotikisa Afrika ya Kati na ya Magharibi, kana kwamba miaka 13 iliyoutangulia ilikuwa mazoezi tu. Santuri yake ya kwanza, "Pierre Cardin présente Abeti", iliyotoka Paris mwaka 1973, hutajwa harakaharaka, na anayeitaja mara nyingi huiombea radhi. Ilikuwa kazi ya Wazungu, wanasema. Msichana wa Kizaire alipambwa na mbunifu wa mavazi wa Paris, akaimbishwa souli na bluzi ili masikio ya Wafaransa yafurahi, na wasikilizaji wa nyumbani walioipokea bila bashasha hawakukosea. Baadaye, kwa mujibu wa masimulizi hayo, alijirudi, akashika muziki wa Kikongo, na taifa likamfungulia mlango.

Sikubali hata kiungo kimoja cha masimulizi hayo. Nayapinga kama mtu anayeupenda mji wa Kisangani na anayeona jinsi mji huu ulivyozoea kuambiwa kwamba muziki hutungwa Kinshasa, nasi kazi yetu ni kucheza. Tangu UNESCO ilipoiingiza rumba ya Kongo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, Desemba 2021, mazoea hayo yamezidi kukomaa. Kila historia inayoandikwa sasa ina kingo mbili tu za mto, Kinshasa na Brazzaville, na yeyote asiyeenea kati ya kingo hizo huonekana wa pembeni. Abeti ndiye aliyeumizwa zaidi na kipimo hicho.

Wanaomwita mgeni hawapendi kutazama alikotoka. Alizaliwa tarehe 9 Novemba 1954 hapa hapa, mji ukiitwa bado Stanleyville, kwa jina la Elisabeth Finant. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa mtu wa MNC, chama cha Lumumba, na mwaka 1960 akawa rais wa kwanza wa Mkoa wa Mashariki. Februari 1961, wiki chache baada ya Lumumba kuuawa Katanga, Finant naye aliuawa Bakwanga, mji ambao leo ni Mbuji-Mayi. Binti yake alikuwa na miaka sita. Familia ikahamia Kinshasa. Miaka mitatu baadaye mji waliouacha ulishikwa na waasi wa Simba, kisha Novemba 1964 wakashuka askari wa miavuli wa Ubelgiji, na watu wa Stanleyville wakazika waliouawa na kila upande. Mtoto wa ukoo kama huo, aliyebeba jina la baba kama lile katika mji mkuu wa wale waliomwua, anapofungua mdomo kuimba kwa uchungu, tunathubutu vipi kusema uchungu huo ameuazima Marekani?

Huyo ndiye aliyeimba souli. Wanaosema aliiga wangetuonyesha kwanza alichokikosa nyumbani hata akalazimika kuiga.

Tena souli yenyewe ilipitia njia gani kufika jukwaani? Ilipitia kanisani. Aretha Franklin alikuwa binti wa mhubiri wa Detroit, na sauti yake ililelewa kwenye kwaya kabla ya kufika kwenye studio. Ray Charles alichukua namna ya kuimba ya makanisa ya Weusi akaitia maneno ya mapenzi, wakamlaani kwa hilo. Abeti naye alianzia kwaya ya kanisa. Makanisa ya Kongo yalikuwa na sauti zao kabla Paris haijamsikia: mwaka 1958 vijana wa Kamina walirekodi "Missa Luba", misa ya Kilatini iliyoimbwa kwa mahadhi ya Kiluba, ikasikika dunia nzima. Hivyo binti huyu hakuhitaji santuri za kutoka ng'ambo ili ajue kuinua noti na kuivunja juu kabisa, pale ambapo mwingine angetafuta pumzi. Alijua hilo kama anavyolijua kila mtu aliyewahi kukaa matangani katika kata za Mangobo au Kabondo, akawasikia akina mama wakipokezana kilio usiku kucha. Alipokutana na souli, alikutana na ndugu.

Hapo ndipo hoja ya ugeni inapoanza kujikata yenyewe. Maana tukiamua kwamba kilichotoka nje si chetu, rumba itabaki wapi? Kila mpenzi wa muziki wetu anajua habari ya santuri za GV, zile za Kikuba zilizoingia Kongo kuanzia miaka ya 1930, ambazo wazee wetu walizisikiliza, wakazikariri, wakaimba Kihispania wasichokielewa, hadi gitaa likachukua nafasi ya piano na Lingala ikachukua nafasi ya Kihispania. "Indépendance Cha Cha", wimbo wa uhuru wetu, una jina la dansi ya Kikuba, na Joseph Kabasele aliurekodi Brussels mwaka 1960. Hakuna Mkongomani anayeukana kwa sababu ya studio uliyorekodiwa au mdundo uliokopwa. Tunaupiga kila tarehe 30 Juni na machozi yanatutoka. Ni haki yake. Lakini haki hiyo hiyo, ya kupokea sauti ya Waafrika waliopelekwa ng'ambo na kuirudisha nyumbani, kwa nini iwe halali kwa aliyepokea kutoka Havana na iwe kosa kwa aliyepokea kutoka Memphis?

Na Cardin? Jina lake linatangulia jina la Abeti juu ya jalada, na hilo linawaudhi wengi. Linaniudhi mimi pia. Tajiri wa mavazi hakupaswa kutanguliza jina lake kwenye kazi ya mwimbaji. Lakini aliyelipia santuri siye aliyeiimba. Ngoma, kampuni iliyoanzishwa Léopoldville (Kinshasa ya leo) mwaka 1948 na iliyomtoa Wendo Kolosoy na "Marie-Louise", ilikuwa mali ya Nicolas Jéronimidis, Mgiriki. Loningisa, alikoanzia Franco, ilikuwa ya Papadimitriou, Mgiriki mwingine. Kipindi chote tunachokiita cha dhahabu kilirekodiwa kwenye mashine za wafanyabiashara wa kigeni, na hakuna anayesema Wendo alikuwa kazi ya Wagiriki. Zaidi ya hayo, Abeti hakuokotwa na Cardin mtaani. Mwaka 1971 alikuwa ameshashiriki Kinshasa shindano la kusaka vipaji lililoandaliwa na mwimbaji Gérard Madiata, na hakuondoka na ushindi. Aliyemwona ni Gérard Akueson, Mtogo, ambaye baadaye akawa mumewe. Huyo alimpeleka kwanza Afrika ya Magharibi, akaimba mbele ya Waafrika waliolipa kiingilio chao. Olympia ya Paris ilifuata Februari 1973. Aliyepanda jukwaa lile alikuwa mwimbaji aliyekwisha kuiva, akiwa na miaka 18.

Juu ya Olympia nina neno la ziada. Tabu Ley Rochereau alipoimba pale Desemba 1970, ilikuwa sherehe ya taifa. Alikwenda na wachezaji wake wa kike, na onyesho lililokuwa na souli ndani yake wazi kabisa, na aliporudi alivishwa utukufu ambao hakuuvua mpaka kifo. Miaka miwili baadaye likaja Trio Madjesi na bendi yao ya Sosoliso: vijana watatu waliojitupa sakafuni, wakageuka, wakanyanyuka, kila hatua ikimkumbusha mtazamaji James Brown, na Kinshasa ikawapenda kwa kupiga kelele. Basi tusidanganyane kwamba masikio ya Zaire ya 1973 yalifungwa kwa souli. Yalikuwa wazi sana, na mwaka uliofuata uwanja wa 20 Mai ulimpokea James Brown mwenyewe. Tatizo lilikuwa kwamba safari hii aliyeileta souli alikuwa mwanamke, tena mwanamke kijana, na bendi ilikuwa yake.

Hapa nataka kukaa kidogo, maana ndipo penye kiini cha jambo. Fikiria nafasi ya mwanamke katika muziki wetu wa wakati ule. Alikuwa jina la wimbo. Hesabu majina ya kike kwenye santuri za miaka ya 1950 na 1960, utachoka: mwanamke anasifiwa, anaombwa arudi, analaumiwa kwa kuondoka. Lakini kuimba mwenyewe ni habari nyingine. Lucie Eyenga alikuwa ameonyesha njia katika miaka ya 1950, kisha kimya kirefu. Anatokea Abeti, bendi yake inaitwa Les Redoutables, yaani watu wa kuogopwa. Ndugu yake Abumba Masikini anapiga gitaa ndani yake. Wanaume wanapiga vyombo nyuma, mwanamke yuko mbele, na nyimbo zinasema anachotaka kusema yeye. Msikilizaji aliyezoea kumsikia mwanamke akiombolezewa na mwanamume sasa anatakiwa amsikilize mwanamke anayejisemea. Wengi hawakuliweza hilo, na badala ya kukiri kilichowasumbua wakatafuta neno la heshima zaidi. Wakasema si muziki wetu.

Neno hilo halikuzuka lenyewe. Oktoba 1971 nchi ilikuwa imebadilishwa jina ikawa Zaire, mwaka uliofuata majina ya Kikristo yakapigwa marufuku, na kila kitu, kuanzia vazi mpaka wimbo, kikawa kinaulizwa kama ni halisi. Elisabeth akawa Abeti Masikini. Wenye mamlaka ya kusema nini ni halisi walikuwa wale wale walioshika dola, na uhalisi wao ulikuwa na anwani moja: Kinshasa. Anayemhukumu Abeti leo kwa kusema hakuwa na uhalisi anatumia, pengine bila kujua, kipimo kilichotengenezwa na utawala wa Mobutu. Baba yake Abeti aliuawa na watu waliotaka kuwe na sauti moja tu katika nchi hii. Binti alikutana na sharti hilo hilo tena, safari hii limevaa vazi la utamaduni.

Nitawakubalia wapinzani jambo moja, tena bila kusukumwa. Mtu aliyeiweka santuri ile kwenye nganda, baa ya mtaa wa Matonge huko Kinshasa, akingojea sebene alingoja bure. Rumba ya wakati ule ilikuwa na ahadi: vumilia maneno, kisha magitaa yataachiwa na utacheza. Zaïko Langa Langa, waliozaliwa Desemba 1969, walikuwa wanazidi kulirefusha sebene hilo hadi likawa ndio wimbo. Abeti wa 1973 hakutoa ahadi hiyo. Alikutaka ukae, usikilize sauti inavyopanda. Kwa mchezaji, hilo lilikuwa pengo la kweli, na sioni sababu ya kumcheka aliyelihisi. Na mipangilio ya vyombo ina harufu ya Paris hapa na pale, ina ule unadhifu wa ukumbi wenye viti vya mahameli. Sawa. Lakini kukosa sebene si kukosa Ukongomani. Nyimbo za jandoni hazina sebene. Nyimbo za kupiga kasia za Wagenya, wavuvi wa maporomoko ya hapa, hazina sebene. Koffi Olomide, mtoto mwingine wa mji huu, aliyezaliwa Kisangani mwaka 1956, alijenga sifa yake ya kwanza kwa kuipunguza rumba mwendo na kuifanya ya kusikilizwa, akaiita tcha tcho, na watu wakamwita mvumbuzi. Alichosifiwa kaka, dada alikuwa amekwisha kulaumiwa nacho miaka mingi kabla.

Kuna lugha pia. Kiswahili kilifika hapa na misafara ya mashariki katika karne ya 19. Tippu Tip, mmoja wa wakuu wa misafara hiyo, alikuwa gavana wa Stanley Falls, hapa hapa, kuanzia 1887. Lingala ilipanda mto na meli za mvuke na askari wa kikoloni wa Force Publique. Kifaransa kilikuja na shule. Zaidi ya kilomita 1,700 za maji zinatutenganisha na Kinshasa, na mtu wa Kisangani sokoni hubadilisha lugha mara tatu kabla hajamaliza kununua samaki. Abeti aliimba Kiswahili, akaimba Lingala, akaimba Kifaransa. Miongoni mwa nyimbo zake za miaka ile ya mwanzo ni "Mutoto Wangu". Mhakiki wa Kinshasa alisikia mwimbaji asiyejua ni wa wapi. Mimi nasikia mtu anayetoka mahali mahususi kabisa, mahali ambapo mto unaacha kupitika na reli ya kwenda Ubundu inaanzia ng'ambo, Lubunga, mahali ambapo hakuna anayeishi kwa lugha moja. Ukitaka kujua Kisangani ya miaka ya 1950 ilimlea mtoto wa namna gani, sijui santuri nyingine ya wakati ule itakayokuonyesha vizuri zaidi.

Sina budi kuwageukia pia waliomsifu, kwa sababu sifa zao zilimdhuru kama lawama za nyumbani. Ulaya ilimbandika jina la chui milia jike mwenye makucha ya dhahabu. Chui milia ni mnyama wa Asia. Hajawahi kukanyaga msitu wa Tshopo. Jina hilo halikutokana na sauti waliyoisikia. Lilitokana na picha waliyokuwa nayo ya mwanamke Mwafrika kabla hajaingia ukumbini: mkali, wa porini, wa kufugwa. Waliopiga makofi Paris hawakumsikia vizuri kuliko walionyamaza Kinshasa. Kila upande ulimsikiliza kwa kutafuta kitu kingine, huku wakitafuta nguvu za mnyama, na huku wakitafuta gitaa la dansi. Katikati ya hao wawili albamu ilibaki bila msikilizaji wake. Hata leo, anayeitetea kwa kusema ilipendwa Ulaya anarudia kosa lile lile la kuipima kwa mkono wa mwingine.

Twende sasa kwenye huo mwaka 1986, mwaka wa toba kama wanavyotaka tuamini. "Je suis fâché" ni wimbo mzuri. Sina ugomvi nao. Lakini tuutazame kwa macho makavu. Jina lake ni la Kifaransa. Ulitoka wakati Paris ilipokuwa imejaa zuku ya visiwa vya Antilles, ile iliyosambazwa na Kassav', na mdundo wake unaonyesha wazi jirani aliyekaa naye. Huo ndio wimbo unaotajwa kuwa ushahidi kwamba Abeti alirudi nyumbani! Albamu ya 1973, yenye sauti iliyolelewa kwaya ya Kikongo na bendi aliyokuwamo ndugu yake, inaitwa ya kigeni. Wimbo wa 1986, wenye jina la Kifaransa na mdundo wa visiwani, unaitwa wa kwetu. Tofauti iliyobaki kati ya hizo mbili ni moja: ule wa pili unachezeka. Basi waseme hivyo. Waseme walitaka kucheza, na mwaka 1973 hakuwapa. Hayo ni maoni ya miguu, nayaheshimu, ila yasigeuzwe kuwa hukumu ya uraia.

Wengine hukimbilia hoja ya mwisho, kwamba hata kama albamu ile ilikuwa na thamani, ilikuwa njia isiyopita mtu mwingine, haikuzaa. Si kweli. Septemba 1974, kabla ya pambano la Ali na Foreman, Abeti na Les Redoutables walipanda jukwaa moja la tamasha la Kinshasa lililowabeba James Brown, B.B. King, Miriam Makeba na Celia Cruz. Sauti za Waafrika wa tamasha lile zilikaa kabatini, zikatolewa rasmi mwaka 2017, na Abeti na Abumba wamo. Asikilize mwenye shaka. Mwanamke wa miaka 19 anaimba karibu na wakubwa wa souli wa dunia bila kujikunyata. Kwenye kundi lake ndiko Mbilia Bel alikoanzia, akiwa msichana mdogo, kabla Tabu Ley hajamchukua kwenye bendi yake ya Afrisa. Baada ya Abeti walikuja M'Pongo Love na Tshala Muana, kila mmoja akiwa mbele ya bendi, na hakukuwa tena na mtu wa kuuliza kama mwanamke anaweza kusimama pale.

Na kuna Lokua Kanza, mzaliwa wa Bukavu, aliyepiga gitaa katika bendi ya Abeti akiwa kijana. Mwaka 1993 alitoa albamu yake ya kwanza Ufaransa. Haina sebene. Lugha zake ni zaidi ya moja, Kiswahili kikiwemo. Sauti imewekwa mbele, vyombo vimetulizwa, kwaya inajibu kutoka nyuma. Wakongomani waliipokea kwa fahari na wakaiita yao, na hakuna aliyemwuliza mwenyewe uraia wa nyimbo zake. Abeti alikuwa bado hai. Alifariki Ufaransa mwaka uliofuata, Septemba 1994, kabla ya kutimiza miaka 40, na albamu yake ya 1973 ikiwa bado inaitwa ya Cardin.